Mpaka Ulionyooshwa Bangoni

Kabla Waithaka haijahesabiwa kuwa sehemu ya jiji, wakati barabara ya kwenda Dagoretti ingali vumbi la kiangazi na tope la masika, watu wa huko walimjua Muturi, na baada ya Muturi wakamjua mwanawe Kamanja. Muturi alikuwa mtu wa kuitwa. Ndugu wawili wakigombania shamba, hawakungoja chifu; walimtuma mtoto akamwite Muturi, naye akaja na fimbo yake, akaitembea ardhi ile kimya, akasema neno lake, na watu wakarudi makwao. Kamanja aliirithi heshima hiyo pamoja na fimbo. Alikuwa miongoni mwa wazee wa kwanza wa kanisa, akasomesha watoto wake wote, wasichana kwa wavulana, na hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema kwamba Kamanja alikula cha mwenziwe. Katika ukoo huo ndimo alimozaliwa Ephantus Kamanja, mwalimu wa michoro na elimu ya viumbe, ambaye hadi leo, ingawa amestaafu zamani, havuki lango lake bila koti na tai.

Shamba la Kamanja lilipakana na la Mbugua. Siku mpaka ulipowekwa, wazee hao wawili hawakujenga ukuta wala hawakuvuta waya. Walipanda matoka. Itoka ni ua lenye kitunguu chini ya udongo, majani marefu kama mikanda, na bua linalobeba maua meupe yenye mstari wa waridi. Halifi kwa jua, halifi kwa moto wa kuchoma magugu, na ukilikata huchipua pale pale. Ndiyo sababu watu wa huko walilichagua liwe shahidi. Kamanja na Mbugua walikishika kila kitunguu pamoja, mkono wa huyu juu ya mkono wa yule, wakakiteremsha shimoni watu wakiona. Mstari ulishuka kutoka barabarani ukiwa umenyooka, hadi ulipofika penye ghala la mama yake Mbugua. Hapo Kamanja alisema kwamba ghala la mama wa mtu halikatwi katikati. Mstari ukapinda, ukaingia kidogo upande wa Kamanja mwenyewe, ukalizunguka ghala, kisha ukarudi katika njia yake. Ghala lilikwisha kuanguka. Kona ilibaki.

Siku hizi ndani ya kona ile Waringa, mjane wa mwana wa Mbugua na mama yake Waceke, hupanda mboga za managu na kunde. Na kila mwaka, kabla masika hayajaanza, nyumba hizo mbili huyapalilia matoka pamoja, kila mmoja upande wake, wakitazamana, wakiulizana habari za watoto huku majembe yakitembea. Wakimaliza hunywa chai kwa mmoja wao. Desturi hiyo Ephantus aliipokea kwa baba yake, na hakuna mwaka aliouruka.

Basi Ephantus alikuwa na mjukuu, Wahu, binti ya mwanawe Dan. Msichana huyo alipokuwa mdogo, babu yake alimketisha kwenye meza ya jikoni na kumfundisha kuchora kwa penseli, kama alivyofundisha darasani: jani moja, kwa alasiri nzima, hadi mishipa yake yote ikae mahali pake. Chora kilichopo, alimwambia, usichore unachodhani kipo. Na mstari ukitetemeka aligonga meza kwa rula. Wahu alilia mara nyingi, lakini alijifunza. Sasa yu mwanamke wa kazi, na kazi yake iko katika ghorofa za juu za jengo moja la Upper Hill, katika ofisi inayochora kwa kompyuta majumba ambayo bado hayajajengwa, ili wanunuzi wayaone kana kwamba yamekwisha kusimama.

Yeye hakuchora majumba. Yeye alichora mimea. Alimweleza babu yake kwamba jumba ni jambo jepesi kwa kompyuta, kwa kuwa lina kuta na pembe, bali mmea ndio unaomuumbua mchoraji. Mti ukikosewa hata kidogo, mtazamaji anahisi kwamba picha nzima ni ya uongo, na hawezi kusema kwa nini. Kwa hiyo wao hawakuchora tu umbo la jani. Walilipa unene, wakalipa upande wa juu unaong'aa na upande wa chini usiong'aa, wakaliruhusu jua lipenye na kutokea nyuma likiwa la kijani. Ephantus alisikiliza hayo kwa furaha ambayo hakutaka ionekane. Alijiambia kwamba rula yake haikupotea bure.

Dan alipomshawishi baba yake wajenge nyumba za kupangisha na kuuza kwenye sehemu ya shamba iliyo karibu na barabara, mzee alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele ya wote: matoka yasiguswe. Mpimaji akaja, akaichora kona ile kwenye ramani yake bila ubishi. Kisha kampuni ya ujenzi ikataka picha ya bangoni, na kazi hiyo ikaangukia ofisi ya Wahu.

Wahu aliomba picha hiyo iwe na matoka yenyewe, si maua ya kuazima kutoka kwingine. Akaja Jumamosi baada ya Jumamosi. Alitandaza kitambaa cheusi nyuma ya majani, akayapiga picha mbele na nyuma, juani na kivulini. Akapima upana wa jani penye shina na penye ncha. Akainua jani lililokauka akalitazama kwenye mwanga. Babu yake alimshikia kitambaa. Hata Waringa, upande wa pili, aliegemea jembe lake na kuwatania, akiuliza kama itoka linaandaliwa pasipoti.

Kutokana na picha hizo, Wahu aliumba kwenye kompyuta itoka moja, kisha akaliumbia ndugu zake: hili limeinama, hili jani lake limetafunwa na panzi, hili ua lake limeanza kunyauka. Alisema jicho la mtu likiona mimea miwili iliyofanana kabisa, hutambua kwamba limedanganywa. Alipomfungulia babu yake kompyuta na kuligeuza ua lile polepole kwenye skrini, Ephantus alivaa miwani, akaliinamia, akatafuta kosa, akalikosa. Jumapili iliyofuata wazee wenzake kanisani waliisikia habari hiyo kabla ya ibada, na wachache wakaisikia tena baada yake.

Bango lilisimamishwa kando ya barabara, kubwa kuliko paa la nyumba. Ephantus alilitazama akiwa mbali, akaona jumba jeupe, akaona mbele yake matoka yametoa maua, akaridhika. Alimtuma mtu amwambie Waringa aende akaone kazi ya mjukuu wake.

Waringa alikuja mwenyewe kutoa jibu. Alimkuta Ephantus barazani. Alikataa kiti, akakataa na chai, na hapo mzee akajua kuna jambo, maana katika ujirani wao wote Waringa hakuwahi kukataa chai ya nyumba ile.

"Baba Dan," alisema, "ulinituma nikaone uhodari wa mjukuu wako. Nimeuona. Itoka limehama."

"Halijahama, Mama Waceke. Nimepita pale asubuhi hii."

"La shambani liko mahali pake. La bangoni limehama. Na limetiwa umande."

Ndipo akamweleza, bila kupaza sauti. Wanunuzi walikuwa wamekuja kutazama kiwanja, watu wa viatu vizuri, wakiongozwa na kijana wa mauzo. Walivuka mstari wa matoka kana kwamba ni nyasi, wakasimama juu ya managu yake, wakaanza kuulizana benchi la kupumzikia litakuwa upande gani. Walipomwona na jembe, walimuuliza kama yeye ndiye mtunza bustani. Aliwajibu kwamba yeye ndiye mwenye ardhi waliyosimama juu yake. Wakamwonyesha picha kwenye simu. Mama mmoja akamwonea huruma, akamshika bega na kumwambia kama anayesema na bibi yake, "Shosho, labda watoto wako hawakukueleza."

"Nilirudi barabarani nikalitazama lile bango," aliendelea Waringa. "Kona haipo. Mstari umekwenda wima kama reli, na pale penye kunde zangu pana benchi. Kama ungekuwa mchoro wa mtoto, ningecheka. Lakini lile ni itoka lenyewe, Baba Dan. Nimelijua hata lile lililotafunwa. Mtu akiapa kwa sura hiyo, nani hatamwamini?"

Ephantus alifungua kinywa, naye akamnyamazisha kwa kiganja.

"Nilipoolewa hapa, baba mkwe wangu alinionyesha matoka kabla hajanionyesha kisima. Kama nyumba ya Kamanja imechoshwa na mpaka ule, niambieni sasa. Nitayang'oa mwenyewe nikuletee hapa mlangoni, kisha tuonane mbele ya wakili, na baina yetu pajengwe ukuta wa mawe. Ila kupalilia pamoja, basi tena."

Akaondoka. Ephantus alichukua fimbo ya baba yake na kwenda barabarani, akasimama chini ya bango, karibu kuliko alivyosimama awali. Kila alichosema Waringa kilikuwa kweli. Matoka yale yale yaliyoshikiwa kitambaa cheusi na mikono yake yalikuwa yamesimama juu ya shamba la mjane, yamechanua, kila jani na mshipa wake, yakitoa ushahidi wa uongo. Watu walipita wakitazama. Na mzee, ambaye maisha yake yote hakuna aliyemwita mwizi, aligeuza uso asitambulike. Jina la Kamanja lilikuwa limetundikwa kando ya barabara, na kila aliyejua kusoma matoka aliweza kulisoma.

Jambo kama hilo hakuona kwamba linafaa kusemwa kwenye simu. Asubuhi iliyofuata alishuka katikati ya jiji, akapita kando ya wachuuzi wa soksi na chaja za simu, akapanda kilima cha Upper Hill kwa miguu, koti limefungwa vifungo vyote. Mlangoni mwa jengo askari alimtaka aache kitambulisho, naye akakiacha akimwonya kwamba atakidai kikiwa safi.

Ofisini vijana walikuwa wamejipanga mbele ya skrini zao kama wanafunzi waliosahauliwa na mwalimu. Msichana mmoja, Stacy, aliyeketi karibu na Wahu, alimwona wa kwanza.

"Wahu, guka wako amekuja. Na tai yake ni kali kuliko ya bosi."

Wahu aliinuka akitabasamu. Alimtazama usoni, tabasamu likamwishia. Ephantus hakutaka kuketi, akaomba kuonyeshwa mkuu wa ofisi. Akatokea kijana wa Kikamba aitwaye Mwangangi, mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu, akamwamkia kwa heshima na kumpa kiti, naye akakikataa vilevile. Aliwaeleza yaliyotokea kuanzia mikono miwili juu ya kitunguu kimoja hadi viatu vya wanunuzi juu ya managu. Alisema kwa utaratibu, bila kuruka neno, kama mtu anayeandika ubaoni. Vijana waliacha kugusa kompyuta zao.

Mwangangi alisema anasikitika kweli. Lakini alimsihi mzee aelewe kwamba ramani ya mpimaji haikubadilika hata kidogo. Kona bado imo, na hakuna ardhi ya mtu iliyochukuliwa. Bango ni la kuvutia macho tu. Isitoshe, chini yake pameandikwa kwamba hiyo ni picha ya kubuni na kwamba hali halisi yaweza kuwa tofauti.

Ephantus aliinamia fimbo yake. "Mwanangu, hebu nifahamishe. Mmekaa hapa miezi mkihangaikia umande. Mmeweka jani lililotafunwa na panzi, ili mtu asiweze kuitofautisha picha na shamba. Mlipofanikiwa, mkaandika chini, kwa herufi za mchwa, kwamba kuna tofauti. Sasa lipi kati ya hayo mawili mlitaka tuliamini?"

Aligonga sakafu kwa fimbo, akaendelea.

"Ramani ya mpimaji imefungiwa kabatini. Bango liko barabarani. Mama Waringa hakuonyeshwa ramani. Alionyeshwa bango, shambani kwake, na wageni waliomwita mtunza bustani. Kwenu Ukambani, babu yako aliliwekea shamba lake mpaka wa nini?"

Mwangangi alikuna ndevu. "Mikonge, mzee."

"Ungeihamisha ili picha ipendeze?"

"Mzee wangu akiniona naigusa," alisema Mwangangi, na wenzake wakacheka kidogo, "mtakuja matangani kwangu."

"Na huyu Waringa, kwa kuwa si mama yako, yeye hana matanga ya kukutishia." Kicheko kikakatika. "Basi niambie kama ni wewe uliyeamuru mstari unyooshwe, ili nijue lawama naiacha katika meza ipi."

Mwangangi alimtazama Wahu, kisha akatazama sakafu. Wahu ndiye aliyesema.

"Si yeye, guka. Ni mimi."

Alieleza kwa sauti ndogo. Picha iliyopigwa kutoka angani ilikuwa imeonyesha kona vizuri. Lakini kila alipoweka matoka kwa kuifuata, jicho la mtazamaji lilipotelea pembeni badala ya kwenda mlangoni mwa jumba. Akaunyoosha mstari, picha ikatulia, akafurahi. Hakukumbuka hata mara moja kwamba kona ile ilikuwa na sababu.

"Umepalilia hapo tangu hujaota meno ya utu uzima," alisema babu yake. "Ulichuchumaa katikati yetu. Ulimsikia Waringa akisimulia habari za lile ghala."

"Nilisikia. Lakini nilikaa na maua hayo kwenye skrini muda mrefu, guka, nikiyageuza, nikiyatia mwanga, hadi yakawa maua tu. Nilisahau kwamba yana kazi." Akainua uso. "Na wewe ndiye uliyenigongea rula mstari ulipopinda."

Stacy akainamisha kichwa. Ephantus alimgeukia mjukuu wake, na hasira yake haikupungua. Ila sasa ilikuwa na mahali pa kusimama.

"Nilikugongea rula ulipokosa kuchora kilichopo," alisema. "Jani lililopinda nilikutaka ulichore limepinda. Leo una chombo kinachoweza kukuonyesha mshipa wa jani kuliko miwani yangu, na kwa chombo hicho umechora usichokiona. Unene wa jani umeujua. Mwanga unavyopita umeujua. Waliolipanda hukuwauliza, ilhali mmoja wao ni babu wa baba yako."

Wahu alifuta macho kwa kiganja, bila kujificha. Mwangangi akasema watairekebisha, lakini akaomba muda: kampuni ya ujenzi lazima iridhie, kompyuta zifanye kazi, bango jipya lichapishwe. Ephantus alijibu kwamba muda huo wanaweza kuwa nao. Lakini uongo hauwezi kuendelea kusimama barabarani ukingoja kampuni iridhie. Akamwambia Wahu aje Waithaka Jumamosi, asije kwake, aende moja kwa moja kwa Waringa. Akachukua kitambulisho chake kwa askari, akakikagua pande zote mbili, akashuka kilima.

Siku iyo hiyo alitoa turubai lililofunika majani makavu ya ng'ombe. Aliazima ngazi ndefu kwa fundi wa paa, na fundi mwenyewe akaja kuipanda, kwa kuwa Ephantus alipoweka mguu wake kwenye kidato cha kwanza watu wa duka lililo karibu walimsihi ashuke. Akasimama chini akielekeza kwa fimbo, juu kidogo, kushoto, funga hapo, hadi jumba jeupe, benchi na umande vikafunikwa. Wapita njia walikuwa na maneno. Mmoja aliuliza kama nyumba hizo zimelala na zimejifunika. Mwingine alisema mzee amekataa majirani kabla hawajahamia. Ephantus hakuwajibu. Kijana wa mauzo alipiga simu akilalamika kwamba wanunuzi watakimbia. Mzee alimwambia kwamba nguzo za bango zimechimbiwa katika shamba la Kamanja, na katika shamba la Kamanja hakisimami kitu cha kumnyang'anya mjane. Akakata simu. Dan naye akapiga, akajaribu kumtuliza baba yake, akamaliza kwa kukubali kwamba atazungumza na kampuni.

Waringa aliliona turubai. Hakuyang'oa matoka.

Jumamosi Wahu alikuja amevaa viatu vya shambani. Alipita lango la babu yake bila kuingia, akaenda kwa Waringa, akasimama mbele yake na kuomba radhi kwa Kikuyu, lugha ambayo hakuizoea kwa maneno mazito. Ephantus aliwaona akiwa upande wake wa mpaka na hakuvuka. Waringa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia apite, aonyeshwe. Wakaufuata mstari wote polepole, itoka kwa itoka. Kwenye kona Waringa alisimama na kumwonyesha mahali mlango wa ghala ulipokuwa, na jiwe la kusagia ambalo bado lilijitokeza kidogo udongoni. Wahu alipiga magoti akalipiga picha jiwe lile. Kisha Waringa akanyoosha kidole kwenye mboga zake.

"Na hizi zipige. Mlipotaka benchi, weka kunde. Tena na mimi unichore, na jembe langu, ili wakija na viatu vyao wajue nani anakaa hapa."

Wahu akacheka kwa woga, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alitandaza kitambaa chake cheusi nyuma ya managu ya Waringa, na safari hii ni Waringa aliyemshikia.

Picha mpya haikupelekwa kwa kampuni kabla Waringa hajaiona. Hilo lilikuwa sharti la Ephantus, na Mwangangi alilikubali. Wahu aliiweka kompyuta juu ya kiti barazani kwa babu yake, naye Waringa akaja, akaketi, akavuta shingo. Kona ilikuwepo. Matoka yaliizunguka kama yanavyoizunguka, yakaingia upande wa Kamanja na kurudi. Ndani yake palikuwa na kunde na managu, na mwanamke mzee aliyeinama, uso hauonekani, jembe mkononi.

"Managu yangu hayajawahi kung'aa hivyo," alisema Waringa. "Umeyakaanga kwa mafuta? Punguza. Na hapo chini yamekuwa machache. Mimi si mvivu."

Wahu akapunguza mng'ao, akaongeza miche. Kampuni ya ujenzi, iliposikia tu kwamba kona inarudi, ilikuwa imelalamika kwamba picha hiyo itampeleka mtazamaji kwenye shamba la jirani badala ya mlangoni. Ephantus alikuwa amewajibu kwamba huko ndiko anakopaswa kutazama kwanza. Mwishowe Waringa aliegemea nyuma, akavuta shali yake.

"Limerudi," alisema. "Nitakunywa chai kidogo. Lakini masika yakikaribia, Baba Dan, huyu ndiye atakayeshika jembe upande wako. Wewe utaketi."

Ikawa hivyo. Kabla mvua hazijaanza, Wahu alikuja, na Mwangangi na Stacy wakaja naye, kwa kuwa Ephantus alikuwa amewaita wote watatu na hakuwapa nafasi ya kukataa. Bango jipya lilikuwa limekwisha kusimama. Stacy alilalamikia malengelenge viganjani. Mwangangi alipalilia kama mtu aliyezaliwa kwenye mikonge, na Waringa, upande wa pili, alimsifu ili kumchokoza Wahu. Walipofika kwenye kona, Ephantus aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akaegemea fimbo ya Kamanja, ambayo kabla yake ilikuwa ya Muturi, na vijana wakaacha majembe.

"Sikilizeni," alisema, "na mkirudi kule juu kwenye vioo vyenu mkawaambie na wenzenu. Mmepewa uwezo wa kuumba jani ambalo jicho la mtu mzima haliwezi kulikana. Kwa hiyo msiniambie tena kwamba ni picha tu. Kabla hamjasogeza mmea hata mmoja, nendeni mahali ulipo, muulize ulipandwa na nani, na unamlinda nani. Mkiona uvivu kwenda, msichore. Sasa inamisheni migongo, magugu bado yapo."

Wakainama.